Bahati ya Mwenzangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne jioni dada mmoja tunayeimba naye kwaya alinipigia simu: amepata kazi. Kazi hiyohiyo nami nilikuwa nimeiomba. Nikampa hongera. Simu ilipokatika nikasema, peke yangu jikoni, "Bahati yake." Sikusema kwa moyo mweupe, na tangu hapo neno hilo limenikaa kooni.

Nikalitafutia asili. Bahati linatoka kwa Waajemi, likapitia Kiarabu hadi pwani yetu. Kwao ni *bakht*, na shina lake la kale ni kugawa: bakht ni kile mtu alichogawiwa. Bakshishi nayo ni ya ukoo huohuo. Hata nasibu, tunayoiambatanisha na bahati, kwa Kiarabu ni fungu. Sasa fungu litakuwaje bila mgawaji? Kumbe jikoni pale nilikuwa namnung'unikia Mungu mwenyewe, yeye ambaye Daudi alimwambia, "Wewe unaishika kura yangu" (Zaburi 16:5).

Zilpa, mjakazi wa Lea mke wa Yakobo, alipozaa, Lea alifurahia bahati njema, akamwita mtoto Gadi. Ukifika Isaya 65:11, jina hilohilo la Kiebrania, Gadi, yaani Bahati, ni la mungu anayeandaliwa meza na watu waliomwacha Bwana. Neno lilelile, wapendwa!

Na hapa niseme na vijana wetu, na baadhi ya baba zetu pia. Unaweka mkeka wa kubeti Jumamosi kwa hela ya ada ya mtoto, Jumapili uko ibadani unachungulia matokeo chini ya benchi. Mkeka ukichanika unasema una nuksi, unatafuta mafuta ya kuondoa mkosi. Ndugu yangu, nuksi gani kwa mtu aliyenunuliwa kwa damu? Meza hiyo unamwandalia nani? Rudi nyumbani. Baba hajamaliza kugawa, na fungu lako halijaliwa na mtu. Nakusihi kwa machozi, maana nami wiki hii nimekaa meza hiyohiyo, kwa wivu tu.

Alhamisi baada ya mazoezi nilimwambia yule dada ukweli. Alinyamaza, kisha akanishika mkono tukaomba. Tulipomaliza akaniuliza kama nina viatu vyeusi vya kumwazima, kwa kuwa tunavaa namba moja. Anaanza Jumatatu. Leo nimevipiga kiwi, viko mlangoni vinamsubiri. Mniombee.