Na mimi nampigia nani?

Wiki hii dada Salama amejifungua mtoto wa kiume, matokeo ya muhula uliopita yametoka, na mjomba amerudi salama kutoka Juba. Kila moja ya habari hizo ingestahili andiko lake. Lakini tangu Jumatatu jioni moyo wangu umeng'ang'ania swali moja nililoulizwa na mzee wetu wa ngoma, na naona sitaweza kuandika jambo jingine lolote mpaka nilitue hili.

Tulikuwa tumemaliza mazoezi ya bakisimba, ngoma ya Waganda inayochezwa kwa kiuno. Mwalimu wa stadi za jukwaa alikuwa amenisifu mbele ya wenzangu wote, akasema waniangalie mimi: kidevu kimeinuka, mabega yametulia, kiuno kinazunguka pasipo kifua kutikisika, na macho yanavuka hadi safu ya mwisho ya viti. Nilikuwa nimeketi chini nikifungua njuga miguuni Mzee aliponiita.

"Binti yangu, leo ulikuwa ukimchezea nani?"

Nikamjibu kama tulivyofundishwa. "Watazamaji, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akaifunika engalabi yake, ile ngoma ndefu, kwa gunia, akaifunga kamba polepole, ndipo akasema, "Haya. Na mimi nampigia nani?"

Hakungoja jibu. Alinitakia usiku mwema kwa Kiswahili chake cha jeshini, kile kinachonikumbusha wazee wa kwetu Bombo, mji wa Wanubi, akaenda zake. Nimelirudia swali hilo ndani ya taksi, nimelirudia nikipiga foleni ya chakula, na usiku nimeamka nikijaribu kukumbuka sauti yake ilikuwaje. Ingekuwa ya ukali, ningejua la kufanya. Haikuwa ya ukali hata kidogo, na hiyo ndiyo sehemu iliyouma, kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa akinisemesha muda wote nilipokuwa nikicheza, na mimi nikampita bila salamu.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba bakisimba sikuzaliwa nayo. Nilikulia katika arusi za Kinubi, ambako wanawake huimba, hupiga na kucheza wakiwa wamebanana ukumbini, na haboba wangu, yaani bibi yangu, angeweza kumwamuru mpigaji aongeze kasi kwa kumkazia macho tu. Ngoma ya Waganda nilianza kujifunza sekondari, na tangu nilipoingia chuoni nimekuwa nikijizoeza chumbani hosteli kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu, kwa maana wapigaji tunawapata siku mbili tu kwa wiki. Sauti ya simu inafundisha hesabu ya hatua. Inaingia mtindo wa pole, bakisimba yenyewe, inapanda mtindo wa nankasa, inafika mtindo wa muwogola ambapo visigino havigusi tena ardhi, kila mara kwa sekunde zilezile, awe mchezaji amechoka au bado ana pumzi.

Mpigaji aliye hai hafanyi hivyo. Anayeongoza huutazama mwili wa mchezaji, akauona umeiva kwa mtindo unaofuata, akapenyeza pigo la kumwita. Na mchezaji hodari naye anaweza kukaa ndani ya mtindo mmoja, akauzungusha, akamfanya mpigaji asubiri. Ngoma ya mpunyi inashikilia chini, ngoma ndogo inayoitwa nankasa kama ule mtindo inakimbia juu kwa fimbo zake, engalabi inachokoza, na katikati ya sauti hizo kuna mazungumzo yanayoendelea. Ngoma hii ilikuwa ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ilichezwa uani, na mchezaji aliweza kuwageukia wapigaji bila aibu. Jukwaa limeubadili mpangilio huo. Tangu Ukumbi wa Taifa wa maonyesho ulipofunguliwa Kampala mwaka 1959, na kikundi cha taifa cha Heartbeat of Africa kilipoanza mwaka 1963 kuziweka ngoma za makabila mbalimbali katika onyesho moja, tumezoea watazamaji wawe upande mmoja na wapigaji wawe nyuma yetu. Silaumu jukwaa, maana bila hilo msichana wa Bombo angeijulia wapi larakaraka ya Waacholi? Nasema tu kwamba tunafundishwa kwa bidii kubwa namna ya kuufikisha uso wetu kwa mtu aliyekaa mbali, na hatufundishwi namna ya kumsikiliza kwa mgongo mtu aliyekaa karibu. Kwa maoni yangu wapigaji wangekuwa nasi tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, hata kama ingebidi somo jingine lipunguzwe.

Hali ilibadilika Jumatano. Nilifika mapema nikamkuta Mzee ameianika engalabi juani ili ngozi ya kenge ikaze. Nilimsalimu kwa kupiga magoti, kisha nikamwambia, "Mzee, nimekuja kukuchezea wewe." Akacheka mpaka akakohoa. Hatukuwa na hadhira, njuga nyingine zilikuwa bado kabatini, na mwenzake mmoja tu ndiye aliyekuwapo kushika mpunyi. Nikasimama nikiwatazama. Alianza taratibu, nikaingia, na pale nilipozoea kupandisha, hakunipandisha. Akaniacha palepale. Mapaja yakaanza kuungua, jasho likaniingia jichoni, na mwili wangu wote uliokariri sekunde za simu ukawa unadai kwenda mbele, naye ananitazama tu, mikono ikitembea. Kisha nikalisikia: pigo moja zito lililokaa kando kidogo ya mahali pake, na kabla sijalifikiria nilikuwa nimekwisha kuvuka. Akapiga ukelele. Nilipomzuilia mimi katika mtindo uliofuata, alisubiri kweli, na nilipokizungusha kiuno kwa mara ya mwisho akanipa muwogola kana kwamba nimemwomba kwa maneno.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Nimewahi kupigiwa makofi na ukumbi uliojaa, na haikufika hapo. Mchana, wenzangu walipokuja na tukageukia viti kama kawaida, wapigaji wakiwa nyuma, nilibaki nalo sikio mgongoni, na rafiki yangu aliyekuwa mstari wa pili akaniuliza kwa nini leo nilikuwa nikitabasamu kabla ya mabadiliko badala ya baada yake. Nimemwomba mwalimu tujaribu kuwasogeza wapigaji pembeni mwa jukwaa ili tuwaone walau kwa pembe ya jicho. Hakukataa. Amesema ataangalia taa kwanza.

Ningemaliza kwa habari hiyo njema, lakini jana usiku mdogo wangu alinipigia simu kwamba mama amefumua tabaga (kawa la kufunikia chakula) nzima aliyokuwa akiisuka, kwa sababu alichanganya nyuzi nyekundu na za zambarau bila kujua. Mama, ambaye huwa anachagua rangi taa ikiwa imezimika! Nilipoongea naye alisema ni mwanga wa umeme mdogo, kisha akaanza kuniuliza habari za mtoto wa Salama. Kliniki ya macho inafunguliwa Jumanne, siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya mtihani wa vitendo, na ndugu yangu yuko kazini hadi mwisho wa mwezi. Akienda peke yake najua atafika getini atasema foleni ni ndefu, atarudi nyumbani.