Siku moja gerejini: kuchagua spea za Honda CG125 ya zamani

Saa moja asubuhi, Gerezani, Dar es Salaam. Kufagia, kupanga spana, chai. Mezani kuna injini ya Honda CG125 iliyofunguliwa, ile ya pushrodi (vijiti vinavyosukuma valvu) iliyoanza kutoka mwaka 1976, isiyo na mnyororo wa kuzungusha kamu, shafti inayofungua valvu. Wengi wanadhani fundi pikipiki anafungua nati na kufunga tu. Kwenye injini ya zamani, kazi kubwa ni kupima.

Saa mbili napima tundu la bloku, pale pistoni inapopanda na kushuka: juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili, mbele-nyuma kisha kulia-kushoto. Saizi ya kiwandani ni milimita 56.50, na ikifika 56.60 imekwisha. Hili linasoma 56.63 juu, 56.54 chini. Ukiweka ringi mpya humo, chini itabana na juu italegea, na moshi wa oili utarudi upesi. Ni kuchonga tu, yaani kulipanua tundu lifuate pistoni kubwa zaidi.

Saa tatu anafika mwenye pikipiki, mzee aliyeachiwa chombo hiki na baba yake. Baada ya shikamoo na marahaba, anatoa boksi: bloku na pistoni ya CG150 ya Kichina, kaambiwa na vijana kijiweni kwamba itaongeza nguvu. Hapo asubuhi inaliwa yote. Namwonyesha kwa vernia kwamba pistoni ile ina milimita 62, slivu yake, yaani bomba la chuma ndani ya bloku, ni nene kuliko mdomo wa injini hii, kwa hiyo lazima mwili wa chini uchongwe, na ukishachongwa haurudi. "Fundi, si zote ni CG?" Ndiyo mzee, zimetokana na injini hii, na ndiyo maana spea nyingi zinaingia. Lakini kuingia si kukaa sawasawa. Anauliza kwa nini nisiweke ringi tu. Narudia vipimo. Anapiga simu kijiweni. Namwekea maikromita mkononi, asome mwenyewe. Mpaka adhuhuri anakubali: bloku ya asili ibaki, slivu yake ya chuma bado ina nyama.

Saizi gani sasa? Kwa hesabu pistoni iliyozidi saizi ya kiwandani kwa milimita 0.25 ingetosha, ila uchakavu umeegemea upande mmoja na kuna mkwaruzo, kwa hiyo nachagua 0.50, yaani 57.00. Pistoni inanunuliwa kwanza, bloku inachongwa baadaye kuifuata. Anayechonga kabla anakisia.

Madukani jua ni kali na maandishi ya boksi siyaamini. Pistoni naipima kwenye sketi, ubavu wake wa chini, kwa pembe mraba na pini. Pini lazima iwe milimita 15. Naiweka sambamba na ya zamani: kimo kutoka pini hadi kichwani kikizidi, valvu zinaweza kugonga. Duka la kwanza kimo kimezidi, la pili pini inacheza. La tatu ndiyo.

Beringi za krenki natafuta zenye alama C3, kwa sababu nafasi yake ya ndani ni kubwa kidogo na injini hii inapoozwa kwa hewa. Maandishi yawe yamechorwa kwenye chuma. Wino unaofutika kwa kidole, narudisha. Kamu ya CG ina nundu moja inayosukuma valvu zote mbili. Hii imelika, kwa hiyo nanunua pamoja na vifuasi vyake, vipande vinavyoegemea nundu na kuifuata. Kifuasi cha zamani hula kamu mpya. Koneti rodi haina mchezo wa juu-chini hata kidogo. Inabaki, ni chuma cha asili na sioni sababu ya kukitupa.

Mchana umeshaisha, miguu inauma, foleni kwa mchongaji ni ndefu. Namwandikia kwenye karatasi: acha nafasi ya 0.03 kati ya pistoni na bloku, maliza kwa mistari iliyokatana. Bloku ikitoka naisukumia ringi kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, napima mwanya wa ncha zake kwa fila, bapa nyembamba za kupimia: 0.25. Kati ya 0.15 na 0.35 iko salama; ikibana zaidi ya hapo, joto litaziunganisha ncha na ringi itakata slivu.

Giza linaingia na bado kuna kuosha. Petroli haitoi vumbi la jiwe la kusugulia. Natumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Kufunga ni kesho: mwanya wa valvu 0.08 injini ikiwa baridi, midomo ya ringi ipishane, alama zitazame juu.