Kufuata miti, kutoka ufukwe wa Kisumu hadi Isecheno

Watu wengi huingia hifadhi ya swala pala ya Kisumu kumwona simba. Shangazi yangu alilipa kiingilio ili aangalie miti. Ana kitalu cha miche kando ya barabara kule Chavakali, na siku nyingi alikuwa akinisumbua kwamba pale ziwani kuna miti mikubwa ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa. Tulishuka Kisumu mapema, jua halijawa kali, boda ikatufikisha langoni.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, haifiki hata kilomita moja ya mraba, na ilitengwa mwaka 1992. Simba, chui na fisi wamo vizimbani. Swala hutembea watakavyo, na tumbili wana uhuru uliopita kiasi. Ukija, shika mfuko wako vizuri.

Wanafunzi wa shule moja walikuwa wamejazana kwa chui. Shangazi alikuwa ameinama chini ya mwegea akipapasa tunda lililoanguka: la kijivu, gumu, refu kuanzia kiwiko chake hadi ncha za vidole, na zito kiasi kwamba likikudondokea kichwani hutasimulia. Waluo huuita mti huo yago. Mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, pengine amezama, jamaa zake huzika tunda la yago badala yake, na matanga yakaendelea. Mlinzi mmoja wa makamo aliyesimama karibu alisema kwao Nyakach mtu hathubutu kuukata kwa ajili ya kuni.

"Naomba nibebe moja," Shangazi akasema.

"Hapana, mama. Hapa hata jani halitoki."

Hakununa, ila nilimwona akilikodolea macho lile tunda kana kwamba anazihesabu mbegu zilizomo.

Kwenye ukingo wa maji tulikaa kidogo chini ya migunga yenye gome la manjano. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavuka hata rekodi ya 1964, na ufukwe wa upande huu hadi Dunga ukaonja maji. Mti ukikaa majini muda mrefu mizizi hukosa hewa, nao hufa ukiwa umesimama. Aliyepita Ziwa Nakuru miaka hii ameviona vigogo vya migunga vimesimama ndani ya maji, vyeupe, bila jani.

Baada ya hapo tulipanda matatu ya Kakamega. Ukishapita Mamboleo gari huanza kupanda, na kufikia Majengo hewa imebadilika. Vihiga watu wamebanana. Shamba la familia nzima unaweza kulivuka kabla wimbo wa redioni haujaisha. Lakini miti ipo, na imepangwa mipakani. Mingi ni lusiola, ule wa maua ya manjano ambao Waluo huuita siala. Ukiukata unachipua tena. Nguzo zake zimenyooka, mpini wa jembe utatoka hapo, fito za kuezeka pia. Hakuna afisa aliyewahi kuwaamuru watu wa huku kuutunza.

Mabondeni hali ni nyingine: mikaratusi, safu kwa safu, hadi ukingoni mwa vijito. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza ing'olewe kando ya mito kwa sababu inanyonya maji kupita kiasi. Nilimuuliza Shangazi kwa nini basi miche anayouza zaidi ni hiyo hiyo. Akanitazama. "Mwanangu, karo ya shule haingoji mvule." Sikuwa na jibu, na sidhani waziri angekuwa nalo.

Chavakali vijana walituletea mukombero, ile mizizi ya kutafuna, dirishani. Nikanunua fungu nikitafuna hadi Khayega. Hapo tukashuka, boda ikatupitisha Shinyalu hadi Isecheno, penye Msitu wa Kakamega.

Msitu wa Kakamega ni kipande kilichosalia cha msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Uganda na Kongo. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, wakati ule ule wazungu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Kakamega na kukata magogo ya kushikilia mashimo ya migodi. Mto Yala unapita humu ukielekea ziwani, kwa hiyo wavuvi nao wana hisa katika miti hii, wajue wasijue.

Kiongozi wetu alitusimamisha kwenye mti uitwao mwiritsa. Gome lake jeusi lilikuwa limebanduliwa upande mmoja hadi kupita kimo cha mtu, na kidonda kimeanza kujifunga kwa kingo nene. Alivunja jani akatunusisha. Harufu ya lozi chungu. Gome hilo hutengenezewa dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukibandua upande mmoja ukaacha mwingine, mti unaweza kupona. Ukiuzungusha, chakula hakishuki mizizini.

Uzio na askari vina kazi yao, nimeiona Kisumu. Ila yago unalindwa na wafu, lusiola unalindwa na wajenzi, na mwiritsa, wenye bei kuliko yote miwili, bado kijijini hauna mwenyewe. Anayeubandua usiku anajua hakuna jirani atakayemgombeza kwa kumharibia mali.

Shangazi alikuwa ameshafika kwa akina mama wenye kitalu pembeni mwa msitu. Walimweleza kwamba mbegu ya mwiritsa haivumilii kukaa: tunda likiiva, toa nyama, uipande haraka. Wakabishana bei ya miche, wakapatana kwamba yeye atawaletea mbegu za lusiola. Mwenye boda alidai nyongeza kwa ajili ya mzigo, Shangazi akampa mche mmoja badala ya pesa. Aliupokea, akaugeuza huku na huku, akauliza kama hakuna mkaratusi.