Siku moja na fagoti: sonata za Zelenka, Dresden

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai natumbukiza vilimi vya fagoti, ala yangu ya kupuliza yenye sauti nzito, kwenye glasi ya maji. Kilimi ni vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja kwa waya na uzi, na ndicho kinachozaa sauti, kama kwenye zumari. Kikishalowa nakipuliza peke yake, bila fagoti. Kikitoa mkwaruzo mzito, kimeiva. Kikilia kwa ukali, nakikwangua kidogo kwa kisu, napuliza tena. Kazi hii haitaki haraka.

Saa 3. Mazoezi kanisani, hapa Dresden, Ujerumani: sonata, yaani tungo za ala, za mtunzi Zelenka. Tupo watano: obo mbili (ala za kupuliza zenye sauti ya juu), mimi, selo (ala ya nyuzi yenye sauti nzito) na hapsikodi (kinanda cha nyuzi). Mpiga hapsikodi amewahi kufika, maana baridi ya kanisa huzichezea nyuzi zake. Tunatuni noti ya A kwa mitetemo 415 kwa sekunde, karibu nusu toni chini ya ile ya 440 iliyozoeleka leo. Karatasi ya mpiga hapsikodi ina noti za besi tu, yaani sauti ya chini, na tarakimu. Akiona 6 anajua kodi ipi, yaani noti zipi za kupigwa pamoja, inatakiwa. Namna ya kuipamba ni juu yake na vidole vyake. Hiyo ndiyo kontinuo, msingi wa besi na kodi chini ya wengine, naye na selo ndio wanaoibeba.

Saa 5. Sonata ya 5, F meja. Hapa ndipo penye kazi. Katika sonata nyingi za trio (sauti kuu mbili juu ya besi) za zama za Baroki, karne ya 17 na mwanzo wa ya 18, fagoti hutembea na besi, ikiongeza uzito tu. Jan Dismas Zelenka, alipoandika sonata zake 6 hapa Dresden mnamo 1721 na 1722, aliitoa huko chini akaipa maneno yake. Obo zikisema jambo, fagoti inalijibu, tena kwa noti za mbio zisizoacha hata upenyo wa kuvuta pumzi. Tunakubaliana nani apumue wapi, na kila mmoja anaweka alama kwa penseli.

Zelenka mwenyewe alikuwa mpiga besi katika okestra ya kasri. Mimi naamini ndiyo maana: aliyesimama miaka mingi nyuma ya wenzake alijua besi ina mengi ya kusema. Cheo cha ukuu wa muziki wa kasri alikiomba, akapewa mtunzi mwingine, Hasse. Hilo linaniuma hadi leo, maana muziki aliotuachia ni wa mtu mkubwa.

Saa 8 mchana. Supu, mkate, usingizi.

Saa 1 jioni. Tamasha. Adagio, sehemu ya polepole, ya sonata ya 5 imetulia vizuri, na kwenye Allegro, sehemu ya haraka, ya mwisho zile alama za penseli zimetuokoa.

Saa 3 usiku. Nafuta unyevu ndani ya fagoti kwa kitambaa. Wa obo ya kwanza ameshafungua noti za sonata ya 6, C maina, anataka tuianze wiki ijayo. Sote tumekubali.