Mwache, Mikoko na Udongo wa Mlimani

Nilitoka Tanga alfajiri, nikavuka mpaka Horohoro kuelekea Mombasa. Nilikuwa naenda kuonana na akina mama wanaopanda mikoko katika hori la Mwache, mkono wa bahari unaoingia bara. Sisi kwetu tunalima mwani. Bahari inatusumbua wote, basi nilikuwa na ya kuwauliza na ya kuwaeleza.

Tulipoipita njia ya kuingilia Gazi, abiria mwenzangu, mwalimu wa Msambweni, alininyooshea kidole upande wa pwani. Huko mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani unalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Wanakijiji wanalinda hekta 117 hivi za mikoko, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Aliueleza msitu ule kama mtu anavyoeleza shamba la babake, nami nikafurahi.

Likoni nikavuka feri, nikapanda matatu ya Miritini, kisha bodaboda mpaka ukingoni, ambako mmoja wa akina mama hao alikuwa akinisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Viatu viache hapa, maji yamekupwa, twende upesi."

Tukaingia topeni. Mikoko ina aina nyingi. Mlilana, akanionyesha, hukaa mbele unakopigwa na maji. Mkoko wenyewe nyuma yake. Mkandaa na mchu juu zaidi, ambako maji hufika siku za bamvua, yanapojaa sana. Mchu mwingine huupata hata mbele, kwa kuwa ni mti mvumilivu. Anayepanda bila kuujua mpangilio huo anatupa miche.

Lakini alichotaka nikione hasa ni uwanja mtupu uliokuwa mbele yetu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo mwingi kutoka bara, ukaja na mto, ukaifunika mizizi. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Ikizikwa, mti unakufa ukiwa umesimama. Sehemu nyingi za Mwache zilikufa hivyo.

"Sasa watu wakija na mpango, wanahesabu miche tu," alisema. "Mimi kwenye kamati ya wadi nawaambia, tuanzie kule juu. Mkulima wa mlimani akichimba fanya juu, mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, udongo unabaki kwake na mikoko yangu inapumua."

Nadhani hili ndilo jambo kubwa nililolisikia safarini, na linastahili kuandikwa kwenye kila mpango wa kaunti. Mvua zinazidi kuwa kali. Mche wa leo utazikwa na gharika ya kesho kama mlima umeachwa uchi.

Kivulini akina mama wakaniuliza habari za mwani. Nikawaeleza kwamba maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno kwa kotonii, aina ya mwani tunaoulima, unaugua na kuoza, kwa hiyo wakulima kadhaa wameuhamishia kwenye maji marefu, wakitumia kamba zinazoelea. Hapo panatakiwa mashua na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufundishwa. Mmoja wao, mke wa mvuvi, akasema mumewe anaweza kufundisha.

Tumekubaliana hivi: kabla ya masika wao watapanda hadi Mazeras kuzungumza na wakulima, nami nitakuja na wenzangu wawili wa mwani, wajifunze kuogelea Mwache na kuiona mitaro ya mlimani kwa macho yao.