Tambi za mama: nilivyopata kipimo chake

Mama yangu ana kisukari, na anapenda tambi. Hapa Mikindani tambi za nazi ni chakula cha futari, kwa hiyo kliniki walipomwambia apunguze wanga, cha kwanza alichouliza ni tambi. Muuguzi hakumkataza. Alisema kiasi kipimwe, na wanga usiliwe peke yake. Kazi ya kupima ikawa yangu.

Nilianza na maandishi ya nyuma ya paketi. Gramu 100 za tambi kavu zina kalori 350 hadi 370 hivi, wanga gramu 70 na kitu, protini gramu 12 au 13, mafuta kidogo sana. Paketi ya nusu kilo basi ni kama kalori 1,800. Kisha nikapiga hesabu ya sufuria yetu ya siku zote: kikombe cha sukari, karibu 800; vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya kukaangia, 480; kikombe cha tui zito, 500 na zaidi. Ukijumlisha, unapata paketi nyingine nzima! Nilifurahi mno, maana vya kupunguza vilikuwa vingi kabla sijazigusa tambi zenyewe.

Ukisikia gramu 100 za tambi zina kalori 158 tu, ujue zimepimwa zikiwa zimeshachemshwa. Zimekunywa maji, uzito umezidi maradufu. Mimi napima kavu.

Mizani sina. Paketi ya gramu 500 naimwaga mezani, naigawa mafungu sita yanayolingana, kila moja nalifunga kwa uzi. Fungu moja ni kalori 300 na wanga gramu 60 hivi. Mama, kwa ushauri wa kliniki, anapata robo tatu ya fungu.

Nazichemsha na kuziepua zikiwa bado na ugumu kidogo katikati. Katika tambi za ngano ngumu wanga umebanwa ndani ya protini, ndiyo maana sukari hupanda damuni polepole kuliko ukila mkate mweupe. Zikirojeka, faida hiyo hupungua. Juu yake naweka mchuzi wa nyanya, kitunguu na hoho, pamoja na kunde, au pweza akipatikana. Kunde nazipenda zaidi: protini ya ngano ina upungufu wa lisini, moja ya sehemu zinazojenga protini, na kunde zinayo kwa wingi. Kwa sisi tunaokula sana ugali wa makopa hilo si dogo, kwani unga wa muhogo una protini gramu moja au mbili tu katika gramu 100.

“Tambi na kunde, mwanangu?” mama aliuliza siku ya kwanza. Nilimwambia, “Onja kwanza, mama.” Alimaliza sahani, na kipimo chake cha sukari ya damu saa mbili baadaye kilikuwa chini kuliko siku za tambi za sukari. Kipimo hicho ndicho kilichomshawishi, si maneno yangu.

Korosho nazo hazikosekani kwetu. Naponda kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kalori 170, na siku hiyo mafuta sitii.

Idi tunapika za nazi kama kawaida, kwa tui jepesi, iliki nyingi na robo kikombe ya sukari. Mama hula samaki wake kwanza, kisha anapewa kibakuli kidogo.