Nilivyoirekebisha rili ya Ambassadeur 6500 irushe mbali: beringi, sumaku na mshipi

Rili ninayoizungumzia ni Abu Garcia Ambassadeur 6500, ile ya duara yenye asili ya Svängsta, Sweden, iliyo na kile kidude kinachotembea kulia na kushoto kupanga mshipi wakati wa kukunja. Ni rili ngumu, spea zake zinapatikana, na inafunguka kwa skrubu tatu za vidole upande wa mkono wa kuzungushia. Mimi naitumia ufuoni na chubwi ya gramu 150, na wakati wa kusi upepo unakuja usoni moja kwa moja. Pale ninapovua, kina kinaanzia kama mita 90 kutoka ukingo wa maji. Rili ilivyokuwa ilinifikisha mita 70, na nikiongeza nguvu mshipi ulijitatiza.

Wengi wakifika hapo hutafuta spuli, yaani gurudumu linalobeba mshipi, izunguke bila kizuizi chochote. Ni kosa, na hesabu yake ni rahisi. Spuli iliyojaa mshipi hadi kipenyo cha sm 3.5 ina mzingo wa sm 11. Chubwi ikiondoka kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde, spuli inazunguka zaidi ya mara 21,000 kwa dakika, na inatakiwa kufika huko kufumba na kufumbua. Kuanzia hapo hewa inaanza kuipunguza chubwi mwendo, lakini spuli haina habari. Inaendelea kumwaga mshipi kuliko chubwi inavyouvuta. Mshipi wa ziada unavimba, unajikunja, na kitanzi kimoja kikinasa tayari una tata la nusu saa. Anayeogopa tata hurusha kwa nusu ya nguvu zake. Kinachofupisha mitupo ni hofu hiyo, na dawa yake ni breki inayoshika panapotakiwa.

Nilianza na beringi, kwa kuwa breki haipimiki kama beringi ni chafu. Spuli ya 6500 inakaa juu ya beringi mbili za kipimo cha 3×10×4, yaani tundu mm 3, upana wa nje mm 10, unene mm 4. Kwenye matoleo mengine ziko ndani ya vifuniko vya ubavuni, kwenye mengine ziko ndani ya spuli yenyewe, kwa hiyo fungua utazame kabla ya kuagiza. Zitoe, ziweke kwenye kikombe cha kioo chenye petroli, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Acha dakika 10, tikisa, mwaga, weka petroli mpya. Rudia mpaka petroli ibaki nyeupe. Kisha zianike juu ya kitambaa safi zikauke zenyewe. Usizipulize kwa pampu ya upepo ukifurahia mlio: beringi kavu ikizunguka kwa kasi inajichana njia za gololi, na baada ya hapo hakuna oili itakayoiponya.

Oili ni tone moja tu kwa kila beringi, linaloning'inia kwenye ncha ya sindano. Wakati rili bado inategemea breki zake za kiwandani, niliweka oili ya injini ya SAE 40. Uzito wa oili hiyo wenyewe ni breki ndogo, na inakaa siku nyingi bila kuoshwa na chumvi. Baada ya kufunga sumaku nilihamia oili nyepesi ya cherehani, kwa sababu kazi ya kuzuia ilikuwa imeshapata mwenyewe. Grisi usiiweke kabisa kwenye beringi za spuli. Mahali pake ni kwenye gia kubwa. Na ile namba ya ABEC, yaani daraja la beringi, inayotangazwa inaeleza usahihi wa vipimo vya utengenezaji, haielezi mita. Nilijaribu za seramiki: kelele ziliongezeka, umbali haukubadilika.

Sasa breki. Kiwandani rili hii huja na vitembe viwili vidogo vya plastiki vinavyoteleza kwenye vijiti. Spuli ikizunguka vinatupwa nje na kusugua ukuta wa duara. Nguvu ya msuguano huo inafuata mraba wa mwendo: spuli ikishuka nusu ya kasi, breki inabaki robo. Kwa hiyo vinashika sana mwanzo wa mtupo na kuachia sana katikati, na katikati ndiko upepo wa usoni unakoharibu. Tena vikilowa maji au vikiingiwa na mchanga, ushikaji unabadilika, na mtupo wa kumi haufanani na wa kwanza.

Sumaku inafanya kazi kwa njia nyingine. Haivuti alumini, lakini ubavu wa spuli ya alumini ukipita kwa kasi mbele yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya alumini hiyo, na umeme huo unazaa usumaku unaopinga mzunguko. Hakuna kinachogusana, hakuna kinachochakaa, na maji hayabadilishi kitu. Breki ya namna hii inashuka sambamba na mwendo, nusu kwa nusu, kwa hiyo bado ipo wakati chubwi imeshafika juu na kuanza kupoa. Nguvu yake iko kwenye mambo matatu: idadi ya sumaku, ukaribu wake na spuli, na mpangilio wa ncha.

Nilitumia sumaku nne za neodimiamu, za duara, mm 10 kwa 3. Zinabandikwa ndani ya kifuniko cha ubavuni upande usio na mkono wa kuzungushia, zikiutazama ubavu wa spuli. Kama rili yako ina kile kitufe cha mlio wa kutegea samaki upande huo, kitoe pamoja na springi na kidoto chake, vinginevyo nafasi haitoshi. Kata bati la chuma la mm 1 liwe pete inayokaa ndani ya kifuniko. Chuma hicho nyuma ya sumaku si cha kushikilia tu, kinaurudisha usumaku mbele kuelekea spuli badala ya kuuacha upotee nyuma.

Ncha ndipo watu wanapobahatisha. Ziache sumaku zishikane zenyewe kama mnara, kisha weka alama ya kalamu juu ya kila moja unapoibandua. Alama zote ni ncha moja. Kwenye pete, panga alama juu, alama chini, alama juu, alama chini, kwa umbali sawa. Zikipishana hivyo, alumini inakutana na mabadiliko mengi kila mzunguko na breki inakuwa kali. Zikitazama upande mmoja zote, breki inalegea sana kwa idadi ileile ya sumaku. Kwa sababu ya kupishana huko, tumia mbili au nne, si tatu.

Kabla ya gundi pima nafasi. Kanda kidonge cha unga kama wa chapati, kigumu kidogo, kiweke juu ya sumaku moja, funga rili na skrubu zote, kisha fungua. Unene uliobaki wa kidonge ndio nafasi kati ya sumaku na spuli. Nilianza na mm 1.5. Chini ya mm 1 ni hatari, kwa sababu spuli ina mchezo wake wa kwenda kushoto na kulia, na siku ikigusa sumaku katikati ya mtupo utaipoteza chubwi na mshipi. Nafasi ikiwa kubwa, weka washa nyembamba nyuma ya bati kuisogeza.

Mara ya kwanza nilitumia gundi ya haraka, ile ya kushika kwa sekunde. Haikumaliza mwezi. Joto la jua na chumvi viliifanya kuwa kama kigae, sumaku moja ikabanduka na kwenda kuchuna ubavu wa spuli. Tumia epoksi ya sehemu mbili. Kwaruza bati na mgongo wa sumaku kwa msasa, futa kwa spiriti, pakaza, acha saa 24 bila kugusa. Kisha pakaza safu nyembamba ya epoksi juu ya sumaku pia, maana nikeli yake ikipata mkwaruzo, neodimiamu inaoza kwa chumvi haraka ajabu.

Baada ya hapo niliondoa vile vitembe viwili vya plastiki nikavihifadhi. Vifuniko vya kukaza ekseli nikavilegeza mpaka spuli ikawa na mchezo mdogo, kiasi cha kuusikia kwa gumba bila kuuona kwa macho. Tafadhali usitumie vifuniko hivyo kama breki. Ukikaza, ncha ya ekseli inasuguana na kisahani cha shaba mtupo mzima, mwanzo hadi mwisho. Ukilegeza kupita kiasi, spuli inatetemeka na mshipi mwembamba unapata pa kupenya kati ya spuli na kifuniko.

Kidude cha kupanga mshipi nilikitoa. Kwenye rili yangu kinasimama wakati wa kurusha, kwa hiyo mshipi unaotoka upande wa pili wa spuli unapita kwa pembe na kusugua, na fundo la mshipi mnene unaofungwa mbele linakigonga kila mtupo. Fungua nati iliyo chini yake, kijino kinaanguka kwenye kiganja, toa klipu ndogo ya mwisho wa skrubu ndefu, vuta yote nje. Matundu yanayobaki kwenye fremu yazibe kwa epoksi, mchanga usiingie kwenye gia. Aliye na uwezo anunue fremu ya toleo la CT, lile lisilo na kidude hicho. Ni ngumu zaidi na gumba linakaa vizuri. Gharama ya kutoa kidude ni kwamba sasa unapanga mshipi mwenyewe kwa gumba wakati wa kukunja. Ukiurundika katikati, kilima kinaporomoka katika mtupo unaofuata. Siku mbili tatu mkono unazoea.

Mshipi wangu ni nailoni ya mm 0.35. Uzi wa kusuka sikuupenda kwa rili hii. Unajizamisha katikati ya mizunguko ya chini na unachana gumba. Jaza mpaka kibaki mm 2 kufika ukingo wa spuli, au mm 3 kama bado unajifunza, kwa sababu spuli nzito inachelewa kutii breki. Mbele funga mshipi mnene wa kubeba mshtuko: ratili 10 za nguvu kwa kila aunsi ya chubwi. Gramu 150 ni aunsi 5 na kidogo, hivyo mimi naweka wa ratili 60. Urefu wake uwe wa kutosha kuzunguka spuli mara sita hadi nane, ukapita fimbo nzima na kushuka hadi chubwi. Fundo liweke upande wa spuli ulio mbali na gumba. Hapa sina mzaha: mshipi ukikatika katikati ya mtupo, chubwi ya gramu 150 inaruka kama risasi ya bunduki na inaweza kuua mtu.

Kwa hiyo majaribio niliyafanya uwanja wa mpira alfajiri, bila ndoana, nikihakikisha hakuna mtu mbele wala pembeni. Uwanja wenyewe ni kipimo tosha. Kutoka goli hadi goli ni kati ya mita 90 na 120, ila upime kwa futi kamba kwanza ujue wa kwenu. Rusha mara tano kwa nguvu ya kati, ukiangalia mshipi juu ya spuli. Ukivimba mara tu chubwi inapoondoka, mtupo wako una mshtuko mwanzoni: anza polepole, malizia kwa nguvu. Ukivimba katikati ya safari, breki haitoshi: sogeza sumaku mm 0.3 karibu. Mshipi ukibaki umelala na kukaza muda wote, na chubwi ikaanguka kama imevutwa nyuma, breki imezidi. Unachotaka kuona ni nyuzi chache za juu zikiinuka kidogo, zikicheza, bila kujikunja.

Kwangu sumaku nne kwa mm 1.5 zilizidi siku tulivu. Nilibaki na mbili kwa mm 1.2, nikavuka mita 100 uwanjani. Ufuoni, na kipande cha ngisi kwenye ndoana, ni 90 na kitu, ambazo ndizo nilizokuwa nazihitaji. Kusi ikishika, narudisha kifuniko cha pili chenye sumaku nne. Nilikinunua kama spea, na kubadilisha ni dakika chache. Gumba bado lina kazi moja: kuisimamisha spuli chubwi inapogusa maji. Sumaku haiwezi hilo, na aliyelisahau atakuta tata hata kwa breki bora kuliko zote.

Ukirudi nyumbani, funga klachi, mwagia rili maji baridi kidogo kidogo, usiielekezee mpira wenye presha, maana presha inasukuma chumvi ndani ya beringi. Ifungue ukafute sumaku kwa mkanda wa kunata: mchanga mweusi wa pwani una chembe zinazonaswa na sumaku, zinajipanga kama manyoya na kuanza kukwaruza spuli. Oili ya cherehani naiongeza kila baada ya safari tatu. Beringi inayoanza kufa hutoa mvumo mkavu, kama nyuki ndani ya kopo, kabla spuli haijaonyesha dalili yoyote. Nikiusikia huo nabadilisha zote mbili pamoja.